Nyumba Isiyo na Hodi

Nilimkuta baba yangu ametundikwa ukutani, amekuzwa kuliko mlango, anatabasamu. Nikasimama chini ya kidevu chake nikajiuliza huyu ni nani. Baba yangu hakuwa mtu wa kutabasamu. Meno yake niliyaona alipotafuna tu, na hata kutafuna alitafuna kwa kipimo. Lakini chini ya picha paliandikwa jina lake kwa herufi za shaba, Mbaruku Maftaha, msanifu wa majengo, na watu walipita wakilisoma kwa sauti na kutikisa vichwa. Mji uleule uliomcheka. Mji uliomwita Baba Saruji, ukapita mbele ya kazi zake umekunja pua, ukasema haya si majumba, haya ni masanduku waliyoyasahau wachukuzi. Leo umevaa nguo za sikukuu umekuja kumwomba radhi, na radhi yenyewe unaiomba kwa kupiga picha. Nilitaka kufurahi. Nilijaribu, furaha ikakataa kuja, badala yake nikashikwa na kiu.

Jina langu ni Mwanakheri. Nalitaja mapema kwa sababu mchana ule niliulizwa mara nyingi mimi ni nani, na kila nilipojibu nilisikia jibu langu likipungua uzito. Binti wa Mbaruku, nilisema mlangoni. Yule mwanamke wa tiketi akatazama ukuta wa pembeni, ambako maisha ya baba yalichorwa kwa mstari mrefu mweusi wenye nukta, akaufuata kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho, akasema kwa upole, "Bibi, humu hamna binti." Ni kweli. Kulikuwa na nukta ya hospitali, nukta ya soko, nukta ya shule, nukta ya nyumba. Mimi sikuwa na nukta. Nikakata tiketi kama watu wengine, nikaingia kumtazama baba yangu.

Ila sikwenda kutazama. Nilikwenda kuzuia jambo. Alasiri ya siku ileile, juu ya paa la nyumba ninayoishi, fundi alikuwa aje kukata nondo.

Hapa lazima nieleze, na nitaeleza taratibu, maana hata mimi huchanganyikiwa nikilieleza. Katika mji wetu baba mwenye binti hajengi nyumba ikaisha. Anajenga chini, anaezeka kwa zege, kisha anaacha nondo zichomoze juu ya paa, zikae juani. Mpita njia akiziona haulizi. Anajua kwamba humo ndani yuko binti. Siku binti atakapokuwa mtu mzima atajengewa ghorofa yake juu ya nondo hizo, na mlango wake, na ufunguo wake. Mume akija atakuja kama mgeni, na akikorofisha ataondoka kama mgeni. Ndiyo mila, na ni mila nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba nondo zangu zilichomoza, zikaota kutu, nami nikaota mvi, na ghorofa haikuja.

Chini, baba alijenga wazo lake. Wazo lilikuwa uwazi. Nyumba nzima ni ukumbi mmoja, kuta zake ni matofali ya matundu, upepo unaingia upande huu na kutokea ule bila kumwomba mtu ruhusa. Haina vyumba. Mlango ni ule wa mbele tu, na huo haujapata kufungwa. Baba alisema mlango ni woga uliopigiliwa bawaba, na wageni waliosikia maneno hayo waliyachukua wakaenda nayo makwao, kwenye nyumba zenye milango. Mimi nililala nyuma ya pazia la maua, pembeni mwa jiko, tangu utoto wangu hadi juzi. Sijapata kubishiwa hodi. Hodi ni haki ya mwenye mlango. Mwenye pazia hufunuliwa. Shangazi alifunua, majirani walifunua, mposaji mmoja alifunua akidhani ni stoo, na hakurudi tena. Nilipomuuliza baba, "Na mimi je?" aliacha kuchora, akanyoosha penseli juu, kuelekea paa, kisha akaendelea na mistari yake. Kila nilipouliza, penseli. Akafa penseli ikiwa sikioni. Kwa hiyo sikujua kama ile ilikuwa ahadi, au alikuwa akinifukuza kama nzi.

Kisha wakaja watu wa maonyesho, wamevaa glavu nyeupe. Mkubwa wao alinitajia jina lake nami nikalisahau papo hapo. Nikambandika la Bwana Msafi, kwa kuwa alifuta kiti kabla ya kukaa, na alipoinuka akakifuta tena. Akazunguka ukumbini akisema johari, johari. Nikadhani anamwita mtu. Kisha akaona pazia langu.

"Hili halimo kwenye mchoro," akasema, na vijana wake wakalikunja kwa heshima kubwa, wakalitia katika mfuko. Halafu wakapanda juu ya paa. Waliposhuka, Bwana Msafi alikuwa amefinya uso.

"Mama, kule juu kuna vyuma."

"Nondo za binti hizo," nikamwambia.

"Binti yupi?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, sitamsingizia. "Mchoro wa baba yako unaishia kwenye paa. Juu ya paa hamna kitu. Paa lake ni safi kama sahani. Ukipata wa kuthibitisha kwamba Mbaruku mwenyewe alizikusudia nondo zile, tutaziacha. Ukikosa, basi ni uchafu wa mafundi na tutazikata, ili nyumba irudi kuwa kamili. Sisi tunahifadhi nyumba zilizokamilika, mama. Nyumba inayojengwa haituhusu kabisa, hiyo ni ya mchanga na kelele."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha juu afanyeje, hawakusema. Labda wao walikuwa na vyumba.

Basi nikawa mle ndani ya jumba la maonyesho, natafuta baba yangu miongoni mwa vitu vyake ili anitolee ushahidi. Maonyesho yalipangwa kinyumenyume. Ulianza na kifo, ukaenda ukirudi nyuma, chumba kwa chumba, mpaka utokee kwenye mwanzo. Katika chumba cha Kifo waliiweka penseli ile, ndani ya kioo, juu ya kitambaa cheusi. Niliinama juu yake muda mrefu. Walikuwa wameilaza. Haikuonyesha juu wala chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yangu alinong'ona kwamba ametulia sana, na sikujua kama anaisema penseli, marehemu, au mimi.

Chumba kilichofuata kiliitwa Usahaulifu, nacho kilikuwa kitupu. Kuta nyeupe, sakafu nyeupe, dirisha moja. Watu walisimama katikati wakivuta pumzi kwa nguvu, maana waliambiwa ndiyo miaka ambayo mji ulimsahau Mbaruku, nao walitaka kuihisi. Nami nilisimama. Nilijaribu kuitambua ile miaka, kwani nilikuwemo. Haikuwa mitupu hata kidogo. Ilikuwa na uji, na kikohozi cha asubuhi, na ndoo za kukinga mvua iliyopenya kwenye matundu, na baba akichora majengo ambayo hakuna aliyeyaagiza, na mimi nikifagia mabaki ya kifutio. Nani aliyeitoa miaka yangu humu akapaka chokaa? Ndipo nilipoanza kushuku jambo ambalo mpaka sasa sijalimaliza. Anayesahau na anayekumbuka ni mtu mmoja. Mji ulimsahau Mbaruku ulipopenda, ukamkumbuka ulipopenda, na katika yote mawili yeye hakuulizwa. Wenye kusahauliwa hawafufuliwi walivyokuwa. Hufufuliwa wakiwa wameoshwa na kunyooshwa. Na wale waliowafagilia je? Hao husahauliwa tena, safari hii kwa shangwe. Nikatazama dirishani nikaona jua limerudi nyuma, kivuli cha jumba kimegeukia upande wa asubuhi. Nikasema ni macho yangu, nina njaa.

Chumba cha tatu kilikuwa cha Majengo. Yalipangwa juu ya meza, madogo, meupe, ya karatasi ngumu: hospitali, soko, shule, na katikati, chini ya taa yake peke yake, nyumba yetu. Ilikuwa nzuri. Uzuri wake ulinichoma moyo, kwa kuwa sikuwahi kuiona nyumba yetu kutoka nje ikiwa na mtu anayeipenda. Paa lake lilikuwa tupu. Nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Ndani walikuwa wameweka watu wa karatasi, wadogo, ili mtazamaji ajue ukubwa wa ukumbi. Mmoja alisimama pembeni mwa jiko, pale palipokuwa pazia langu. Hakuwa na uso. Nikapitisha kidole nimguse.

"Usiguse, mama." Alikuwa Bwana Msafi, na kitambaa chake mkononi.

"Huyu ni mimi."

"Huyo ni kipimo tu."

"Basi kipimo kina mvi. Bwana, wasimamishe mafundi wako. Nondo zile ni zangu."

"Umepata wa kuthibitisha?"

"Namtafuta."

Akashusha sauti, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mama, nisikilize. Nyumba hii ndiyo moyo wa maonyesho. Watu wametoka mbali kwa ajili ya paa hili. Ikionekana kwamba nyumba haikukamilika, basi Mbaruku hakukamilisha kitu, na sisi hatuna cha kuonyesha. Tutashusha jina lake leoleo. Unataka baba yako asahauliwe tena, na safari hii kwa mkono wako?"

Sikutaka. Hilo ndilo lililonitesa, na lingenitesa kidogo kama nisingekuwa nampenda. Nilimpenda yule mzee bahili wa maneno. Nilifurahi kwamba watu wanalisoma jina lake. Na nilitaka mlango. Mambo mawili hayo yalikaa kifuani mwangu, moja likila la mwenzake, na mimi sikujua nilishe lipi. Nikamwacha Bwana Msafi akifuta alama ya kidole changu, nikaingia chumba cha mwisho.

Kilikuwa kidogo, na mlangoni paliandikwa Mwanzo. Ndani mlikuwa na meza, na kijana ameinamia karatasi. Watu walichungulia, wakadhani ni mwigizaji aliyewekwa kupamba, wakapita. Mimi sikupita. Kijana alilamba ncha ya penseli kabla ya kuchora mstari, akapangusa ulimi kwa mgongo wa mkono, akalamba tena. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu, lile sikio nililolitazama nikiwa mgongoni mwake, na nikiwa pembeni mwa kitanda chake cha mwisho. Lilikuwa sikio jipya, laini. Kwa umri alitosha kuwa mwanangu.

Nilifungua kinywa nimwamkie baba yangu. Ndivyo nilivyolelewa, mtoto huanza. Lakini yeye aliinua kichwa, akaona mwanamke mwenye mvi, akasimama upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika.

Lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kabla akili haijafika. Mungu anisamehe, nilimwitikia baba yangu marahaba. Neno lile halirudishwi. Ukishaliitika umekubali kuwa mkubwa, na mkubwa lazima awe na jibu. Yeye akaketi ametulia, kwa kuwa amepata wa kumuuliza, nami nikabaki nimesimama, mtoto wake na mkubwa wake, sijui mikono niiweke wapi.

"Afadhali umekuja, mama. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Hapa juu." Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa nyumba yetu, matundu yake, ukumbi wake, na paa limegusa ukingo wa juu kabisa. "Karatasi imeisha. Sina nyingine. Sijui huku nimalizie vipi. Nifunge bapa?"

Nikacheka, halafu nikaona aibu. Usafi ule wote uliowatoa watu mbali, ulikuwa mwisho wa karatasi.

"Wewe unakusudia nini huko juu?" nikamuuliza. Hili ndilo swali nililolibeba maisha yangu yote, na sasa nimelitua mbele ya mwenyewe.

"Mimi?" Akafikiri kwa moyo safi. "Sijakusudia kitu. Nataka upepo tu."

Sijakusudia kitu. Basi penseli ile. Basi miaka ile. Nilikuwa nimekaa chini ya kitu ambacho hakikuwapo, nikikingoja kwa adabu. Na bado zipo, nondo zipo, nimeanika khanga zangu kwa kamba niliyozirushia kutoka chini, kuna mtu aliziweka. Nani aliziweka? Kama hakukusudia, na nisiponena, hatazichora. Asipozichora, hazitakuwapo za kukatwa. Nikinena, nitakuwa nimejiahidi mwenyewe kwa kinywa cha baba yangu. Je, mtu anaweza kujizaa? Je, mtu amewahi kuzaliwa kwa njia nyingine? Kijana alikuwa akingoja.

"Acha nondo," nikasema.

"Za nini?"

"Za binti."

Akacheka. "Mama, hata mke sina."

"Mke utampata. Na binti utampata."

"Basi akifika wakati wa kuolewa nitamjengea, kama baba wote."

"Na asipoolewa?"

Penseli ikasimama. "Atakaa na mimi hapa chini," akasema. "Pana nafasi. Pana uwazi."

"Uwazi ni wako!" Nilipiga kelele mpaka watu wa chumba cha jirani wakanyamaza. "Wewe ulikuwa na kichwa chako, ukiingia humo unajifungia, nani angekufuata? Mimi nilikuwa na pazia! Umenilaza nyuma ya pazia mpaka nikaota mvi, na kila nikikuuliza unaninyooshea penseli, penseli, penseli. Neno moja ulishindwa kunipa?"

Kijana alirudi nyuma na kiti chake. Hakukasirika. "Mama, umenifananisha," akasema taratibu. "Lakini pole. Aliyekufanyia hayo, nakupa pole kwa niaba yake."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa nimeingoja pole ile tangu ujana wangu, na imeletwa na mtu asiyelijua kosa, maana hajalitenda bado. Nilifuta macho kwa ncha ya mtandio. Yeye aliitazama karatasi kwa muda, akalamba penseli.

"Naogopa kitu kimoja," akasema. "Mtu ukimjengea chumba, unamjengea unachotaka wewe. Mimi najijua. Nitamwekea matundu, nitamwekea upepo, mlango nitausahau. Afadhali nimwachie vyuma tu. Vyuma si chumba bado. Akitaka, apande."

Na akanyoosha penseli juu.

"Umwambie basi!" nikasema. "Kwa mdomo! Mwambie panda."

"Si nimeshasema, mama?" Akashangaa kabisa. "Si nimeonyesha?"

Alidhani amesema. Maskini baba yangu, miaka yote ile alidhani amesema. Au maskini kijana wa watu, aliyekuwa akimpoza mwanamke mwenye wazimu; kwa sababu wakati uleule Bwana Msafi aliingia, amevutwa na kelele, nami nikamshika mkono nikamwambia shahidi huyu hapa, muulize.

"Mama, huyu tumemwajiri akae achore," Bwana Msafi akasema.

"Muulize yeye ni nani!"

Kijana akatutazama sote wawili. "Niliambiwa nikae nichore," akasema. "Aliyeniambia simkumbuki vizuri."

Bwana Msafi akatazama saa yake. "Mafundi wameshapanda," akaniambia, na hakusema kwa ubaya.

Sijui nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilipita tena vyumba vyote, na nilipotoka nje jua lilikuwa la alasiri kama inavyotakiwa. Mlio wa mashine ya kukatia chuma niliusikia tangu barabarani. Ngazi ya mafundi ilikuwa imeegemezwa ukutani, nami nikasimama mbele yake nikagundua kitu cha kushangaza: katika maisha yangu sikuwahi kupanda juu ya paa lile. Nilikuwa nangoja kupandishwa. Nikavuta pumzi, nikajifunga khanga kiunoni, nikapanda.

Juu kulikuwa kupana. Nondo zilisimama makundi makundi kwenye pembe, na moja ilikuwa imelala, imekatwa, kidonda chake kinang'aa. Fundi alikuwa mtu mzima kiasi, mwenye miwani ya kuzuia cheche, na pembeni mwake palikuwa na karai la saruji mbichi ya kuzibia mashina, na matofali ya matundu waliyoyapandisha kubadilishia yaliyovunjika ukingoni.

"Teremka, mama, cheche zitakuunguza."

Niliuchukua mwiko wake. Nikamwaga saruji chini ya nondo za pembeni, nikaitandaza nilivyowaona watu wakitandaza, vibaya, nikabeba tofali moja nikalilaza juu yake. Lilikaa upande. Nikaligonga kwa mpini wa mwiko.

"Fundi," nikasema, "hili ni nini?"

"Tofali."

"Na nyumba yenye tofali kwenye saruji mbichi ni nyumba gani?"

Akalitazama. Akazima mashine. "Inayojengwa," akasema, akavua miwani. "Mama, mimi niliambiwa nikate masalia. Nondo yenye tofali bichi miguuni sikati. Kwetu mafundi hiyo ni nuksi, ukiikata mkono wako haujengi tena."

Chini, Bwana Msafi alikuwa amefika, anahema. "Mama!" akaita. "Ondoa tofali hilo na sitasema kitu! Ukiweka la pili, nashusha jina!"

Nilikuwa na la pili mkononi. Lilikuwa zito kuliko la kwanza. Nilimwona akilini baba kule ukutani na tabasamu lake la kuazima, na watu wakilisoma jina lake kwa sauti, na nikajua wakiacha kulisoma hawatalisoma tena, mji wetu hautubu mara mbili. Nikamwambia baba, popote alipo, "Ulisema nipande." Sikuwa na hakika kama alisema. Nikaliweka.

Bwana Msafi akageuka akarudi alikotoka. Kutoka juu ya paa jumba la maonyesho huonekana. Niliziona herufi za shaba zikitolewa nje, wamezipakata moja moja, na watu wakitawanyika wakitafuta pa kwenda. Nililia bila kujificha. Mtu asiniambie nilishinda. Nilimzika baba yangu mara ya pili, na safari hii hata mji haukuja.

Fundi alikuwa ameniacha nilie. Kisha akatoa uzi mfukoni, akaufunga kwenye nondo, akaunyoosha, akaling'oa tofali langu la kwanza lililokaa upande, akalikalisha sawa. Tukaendelea, yeye akipanga, mimi nikimsogezea saruji, safu moja ikaanza kuufuata upande wa mbele. Kimo chake hakikuzidi kifundo cha mguu. Alipofika katikati akasimama.

"Mlango tuuache wapi, mama?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikageuka huku, nikageuka huku, nikasikia kizunguzungu. Mwisho nikavua kandambili zangu, nikaziweka chini pale nilipotaka, zimeelekea nje. Fundi akaruka nafasi ile, akaendelea upande wa pili.

Nilikuwa nimekaa ndani, sakafuni, nimechoka, mgongo umeegemea nondo iliyobaki, nilipomwona anapanda ngazi. Yule kijana, na penseli sikioni. Maonyesho yamefungwa, alimwambia fundi, wamemwachisha kazi, amekosa pa kukaa achore. Fundi akamwonyesha mimi. Kijana angeweza kuruka ule ukuta wa kifundo, mtoto angeuruka. Hakuuruka. Aliufuata kwa nje, polepole, mpaka penye kandambili zangu. Akavua viatu vyake akavipanga kando yake. Akasimama akiangalia pembeni, kama asimamavyo mtu kwenye mlango wa watu, ingawa alikuwa akiniona kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hodi," akasema.

Nikanyamaza kidogo, makusudi, ili aseme tena.